Aliyetufundisha Kuzima Mashine

Habari za kifo chake nilizipata barabarani siku ya soko, na kabla mleta habari hajafungua kinywa nilikwisha kujua kuna msiba. Nilikuwa nikipanda kilima kutoka soko la Masisi, mkungu wa ndizi begani, nikiyalaumu magoti yangu kama kawaida, mara nikasikia pikipiki nyuma yangu. Nilisogea pembeni ipite. Haikupita. Ilipunguza mwendo, ikasimama, na mashine ikazimwa. Mwendeshaji, katekista mmoja ninayemfahamu kwa sura tu, alishuka, akaiegemeza pikipiki ukingoni, akavua kofia, akanipa mkono wa kuume huku wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima yote ya kwetu. Wapanda pikipiki wa huku huzima mashine kwa mambo mawili: mzee na msiba. Mimi uzee bado naukataa, kwa hiyo nikajua ni lile la pili. "Papa," alisema, "Papa Freni hayuko tena. Homa ilimukamata juzi tu, haikumupatia hata nafasi ya kuaga batu." Nikautua mkungu, tukakaa ukingoni sote wawili. Kisha akaniuliza swali lililonifanya niiweke kando safu ya gazeti niliyokuwa nimeiandaa juu ya paa la shule, niandike hii. "Na sasa, Papa, nani atafundisha bengine?"

Kwa msomaji asiyemjua, marehemu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wapanda pikipiki wapya wa Masisi na Walikale kabla hawajaenda kutahiniwa ili wapewe permi, yaani ile ruhusa ya serikali ya kuendesha. Alizaliwa huku huku milimani, katika familia ya wakulima, watu wa maharage na viazi na ibada ya Jumapili, na mashine alijifunza wakati wa vita vya dunia, alipokuwa akipeleka vifurushi vya dawa kwa pikipiki ya misheni. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamsha bonde zima. Sitampamba kwa kuwa amekufa. Alikuwa mbishi, alikuwa mlafi wa viazi vya kuchoma, na katika miaka yote niliyomfahamu sikumsikia hata mara moja akikubali kwamba amekosea. Jina la Papa Freni, yaani Baba Breki, alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu kwenye uwanja wake chini ya ofisi, pale palipokuwa pakikaushwa matofali, neno hilo la breki ndilo lililosikika kutwa nzima: "Freni! Freni, weye! Freni iko mu mikono yako ao iko mu mbingu?" Mimi wakati ule nilikuwa karani na mkalimani wa ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya yetu. Katika kila mtihani wa permi nilikaa nyuma ya mkubwa wetu wa Kizungu, nikigeuza Kifaransa chake kuwa Kiswahili na Kiswahili cha watu kuwa Kifaransa. Pikipiki yenyewe sijawahi kuipanda ila kama mzigo.

Mtakumbuka jinsi mashine hizi zilivyoingia kwetu. Kabla ya vita zilikuwa za mapadre na za Wazungu wenye mashamba. Baadaye zikaanza kupewa wauguzi, makatekista, na wale mamoniteri wa kilimo wanaozunguka vijijini kuwaonyesha watu namna ya kupanda kahawa. Serikali ikasema, na ilisema vizuri, kwamba hakuna atakayepanda pikipiki bila permi, wala hakuna permi bila mtihani. Lakini waliotunga mtihani ule walitoka nchi ambako mtu hupishana na mwenzake njiani kama amepishana na mti. Kwetu si hivyo. Kwetu anayempita mkubwa bila kumsalimu amemtukana, na salamu ya mkubwa ni mkono wa kuume, na wa kushoto lazima uje uushike wa kuume kwenye kiwiko, isije ikaonekana kwamba umempa nusu ya heshima. Mikono yetu ilifundishwa hivyo na mama zetu kabla hatujajua kuvaa suruali. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mpandishe pikipiki, mteremshe mlimani, kisha umsimamishe mzee kando ya barabara. Mkono wa kuume unatoka kwenye usukani ili usalimu. Hapo bado kuna matumaini. Tatizo ni kwamba wa kushoto nao, bila kuulizwa na mtu, unamfuata mwenzake.

Wa kwanza kutuonyesha hatari hiyo hadharani alikuwa moniteri mmoja wa kilimo, mtu nadhifu, wino wa permi yake haujakauka vizuri. Alikuwa akiteremka mlima, akamwona baba mkwe wake amesimama kando ya shamba lake la maharage. Baba mkwe, jamani! Heshima ya mkwe haipunguzwi kwa sababu ya mteremko. Akatoa mkono wa kuume, wa kushoto ukafuata, na pikipiki, ambayo haikuwa na mkwe mahali pale, ikaendelea na safari yake. Moniteri alipatikana katikati ya maharage, kofia huku, kiatu kule, mikono bado imeshikana. Mzee alimsogelea taratibu, akaitazama mistari yake ya maharage iliyolala chini, akamwuliza, "Mutoto wangu, unanisalimia ao unanilimia?"

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Baada ya moniteri akaanguka mwingine akavunjika mtulinga, na baada yake katekista mmoja akaingia bondeni akatoka na mguu ambao mpaka leo haunyooki. Mkubwa wetu akakaza kanuni. Mtahiniwa atakayetoa mkono kwenye usukani ameshindwa. Na atakayesimama njiani bila kuamriwa ameshindwa pia, kwa maana anayesimama hovyo ni mwoga. Matokeo yake ni kwamba waliofaulu sasa walikuwa wale waliojua kupita kama upepo, macho mbele, shingo kama ya mti. Walipita mbele ya wazee, wakapita mbele ya misiba, wakawaachia watu vumbi na moshi. Manung'uniko yakaanza. "Permi ilishaharibisha macho yabo," walisema wazee, "habaone tena batu." Kwenye kilima kimoja watu walilaza magogo barabarani. Hawakumpiga mtu wala hawakuiba kitu. Walitaka tu mwenye pikipiki alazimike kushuka, na wakati anasogeza magogo awasalimu. Mkubwa alipopata habari ya magogo alipandwa na hasira, akaapa kwamba ikiendelea hivyo hatampa permi mwenyeji yeyote tena, na pikipiki zote zitapelekwa pengine. Nilitafsiri kiapo hicho mwenyewe, na nilimwona Papa Freni akikisikiliza akiwa ameacha kutafuna.

Kesho yake alikwenda kwa wazee. Alikwenda akiisukuma pikipiki yake badala ya kuipanda, akaiweka katikati ya baraza kama mshtakiwa. Nilimfuata kwa udadisi wangu tu. "Bazee wangu," alisema, "hii mashine inashikwa na mikono mbili. Muntu akiachia mumoja, iko mugonjwa. Akiachia yote mbili, iko maiti. Minakuja kuomba muachilie batoto benu mikono." Lo, baraza lilichafuka! Mzee mmoja alisimama na fimbo yake akasema salamu bila mkono hajawahi kuiona, hata mbuzi hutikisa kichwa. Mwingine akasema basi na wapewe mashine za mkono mmoja. Papa Freni akabisha, nao wakabisha, na jua likasogea. Mwishoni mama mmoja mkongwe, aliyekuwa amekaa nyuma akimenya viazi bila kuinua macho, ndiye aliyesema neno lililobaki. "Shingo yabo ilivunjika? Bakipita, bainamishe kichwa, baseme jambo, itatosha. Lakini bakikuta muzee anabangoja mu njia, ao bakikuta mufu, basimame. Bazime ile makelele. Bashuke. Mukono tutaupata chini." Wazee walikubali. Magogo yaliondolewa siku ile ile, na ikaenezwa kilima hadi kilima kwamba mtu asimnyooshee mkono aliye mwendoni.

Tangu hapo Papa Freni alifundisha kinyume cha walimu wote. Wengine huanza na kuondoka. Yeye alianza na kusimama. Mwanafunzi alisukumwa na wenzake kutoka juu ya uwanja, mashine imezimwa, akatakiwa asimame mbele ya ufito uliolazwa chini bila kuugusa. Baadaye kwenye matope, baadaye kwenye mteremko wa kijitoni. Breki ya mguu kwanza, ya mkono kwa kuibembeleza, na mguu wa kushoto utafute pa kukanyaga kabla pikipiki haijatulia. Kuwasha mashine kulikuja mwisho, wakati baadhi yao walikwisha kukata tamaa na kurudi kwenye baiskeli zao. Mtu mmoja aliyetaka kujipendekeza alimwambia mbele yangu kwamba kweli, mwenda pole hajikwai. Alimkatalia kwa ukali, akiita pikipiki moto kama wote wa huku. "Juu ya moto, ule anaenda pole sana njo anaanguka wa kwanza. Mimi sifundishe pole. Minafundisha kusimama." Nami nilijua kitu ambacho pengine yeye alikuwa amekisahau makusudi: baraza lilikuwa limebadilika, mtihani haujabadilika. Ofisini, anayesimama bila amri alikuwa bado ameshindwa.

Hapo ndipo anapoingia muuguzi wa Itebero. Huyu alizaliwa Buleusa, mtoto wa wakulima wa msituni ambao pia ni wawindaji, na alikuwa akitumikia zahanati ya Itebero na vijiji vyote vilivyotawanyika kuelekea Hombo. Ilikuwa ile miaka ya sindano za buba. Alitembea msituni na sanduku la dawa kichwani, na wanawake wa uzazi walimtumia watu kumwita. Akifika, ama mtoto amezaliwa mwenyewe ama mama amezikwa. Mwishowe zahanati ikapata pikipiki. Ikakaa chini ya turubai ikingoja mtu mwenye permi, na mkubwa wetu alikwisha kusema kwamba muuguzi akishindwa mtihani safari hii, pikipiki itapewa zahanati nyingine iliyo na mwendeshaji tayari. Kwa hiyo mtu mwembamba, mpole, aliyekuja Masisi kujifunza kwa sababu msituni hapakuwa na uwanja, alikuwa amebeba Itebero nzima mgongoni. Papa Freni alimpigia kelele kuliko wanafunzi wote, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya mapenzi.

Siku ya mtihani mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Njia ilitoka ofisini, ikateremka mpaka daraja la magogo kijitoni, ikapanda ng'ambo hadi sokoni. Muuguzi alitangulia, sisi tulimfuata kwa gari, mimi na mkubwa mbele, Papa Freni nyuma. Aliteremka vizuri kabisa. Karibu na daraja, kutoka njia ya pembeni, likatokea jeneza mabegani mwa watu, na nyuma yake waombolezaji wakiimba kwa sauti ndogo. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Angepiga honi, wangesogea, angepita. Nilimwona muuguzi akigeuza kichwa kidogo, na nilijua anaiona pikipiki yake chini ya lile turubai. Akasimama. Akazima mashine. Akashuka, akavua kofia, akainamisha kichwa, na gari letu nalo ikabidi lisimame nyuma yake. "Amekwisha," mkubwa alisema kwa Kifaransa. "Mwite anayefuata."

Papa Freni hakungoja tafsiri. Aliruka chini akaja dirishani. Mkubwa akamwambia, kupitia kwangu, kwamba mtu wake amesimama bila amri, na kanuni anaijua. "Amri iko pale, Bwana," alijibu akionyesha kwa kidevu. "Iko mu lile sanduku." Mkubwa akasema huu ni mtihani wa kuendesha, si wa kusimama. "Kushuka huu mulima, hata jiwe inajua," alisema Papa Freni. "Ambia jiwe isimame, tuone." Nilipokuwa nikitafuta Kifaransa cha kulainisha maneno hayo alinifinya mkono: "Geuza vile nimesema!" Nikageuza vile alivyosema. Mkubwa naye, niseme haki yake, alikuwa amekwisha kuvua kofia, na hakuivaa mpaka jeneza likavuka daraja. Kisha akasema: vizuri, kama kusimama ndiyo shule yenu, na tuione shule hiyo. Muuguzi apande kilima cha ng'ambo. Yeye atapiga honi anapotaka. Hapo asimame, azime, awashe tena, aendelee kupanda. Akirudi nyuma hata kidogo, basi Itebero atakwenda kwa miguu.

Mkubwa, gari likiwa bado darajani, alipiga honi muuguzi alipofika mahali pabaya kuliko pote. Kilima kile wenyeji wa Masisi wanakijua: udongo mwekundu, na siku ya mvua maji hutiririka katikati ya barabara kama yana haraka ya soko. Muuguzi akasimama. Mguu wake wa kushoto ulipapasa, ukateleza, ukapapasa tena, ukapata jiwe. Mashine ikanyamaza, na bonde zima likanyamaza nayo. Akapiga teke la kuwasha. Kimya. Akapiga tena, mashine ikakohoa, ikafa. Papa Freni, aliyebaki dirishani, alikuwa ameshika shati langu kwa nguvu hata kifungo kikang'oka. Wanawake wa msibani waliokuwa wamebaki nyuma walisimama kutazama, na mmoja wao alisema, si kwa sauti kubwa, "Ule alisimamia mufu wetu. Mungu, asianguke." Teke lingine, na mashine ikashika. Pikipiki ilitetemeka, ikatafuta njia kwenye matope, ikapanda. Haikurudi nyuma. Nilitaka kushangilia, lakini karani wa ofisi hashangilii, kwa hiyo niliinama kutafuta kifungo changu.

Juu ya kilima mkubwa alisema permi atampa, ila bado ana shaka. Kilima kimoja si masika nzima, na njia ya Itebero katika mvua anaifahamu. Muuguzi akianguka kabla mvua hazijaisha, nani atajibu? Papa Freni alifungua mfuko wa shati, akatoa permi yake mwenyewe, ambayo aliitunza kuliko picha ya harusi yake, akaiweka juu ya boneti ya gari. "Mimi. Shika hii. Akianguka, uipasue." Mkubwa akamtazama, akaichukua, akaitia kwenye sanduku lake la ofisi na kulifunga. Muuguzi alipotaka kusema neno la shukrani, mwalimu wake alimkatiza: "Usinishukuru. Enda, usimame muzuri."

Masika ile ndiyo iliyonifanya nimheshimu, maana kabla yake nilikuwa nampenda tu. Mtu yule hakugusa tandiko la pikipiki mpaka mvua zilipokwisha. Alikwenda kwa miguu kanisani, sokoni, shambani, na alifundisha kwa miguu, akikimbia kando ya wanafunzi wake kwenye matope akipiga kelele. Hata kwenye uwanja wake mwenyewe, ambako hakuna sheria iliyofika, hakuipanda. Watu walimcheka: Papa Freni amewekwa freni. Jirani mmoja alimwambia kwamba mkubwa amekwenda safarini, apande tu hadi kwa wakwe zake akamwone mgonjwa wao, hakuna atakayeona. "Minaona mimi," alisema, akachukua fimbo, akatembea. Usidhani kwamba hakuumia. Jioni moja nilimkuta ameifuta pikipiki yake mpaka inang'aa, amekaa mbele yake kama mtu aliyekosana na mkewe.

Mvua zilipokatika, muuguzi alikuja. Alisimama mbele ya meza ya mkubwa, tope la Walikale mpaka magotini, na Papa Freni amesimama mlangoni. Mkubwa akauliza: je, ulianguka? Nilitafsiri. Muuguzi angeweza kusema hapana, msitu haushuhudii. "Nilianguka, Bwana," alisema. Papa Freni akafumba macho. "Ilikuwa karibu na Hombo, palikuwa muzee mu njia. Nilisimama, nikazima. Kisha muguu ikateleza, tukalala chini mimi na moto. Lakini nilianguka nilishasimama." Mkubwa akaniomba nirudie. Nikarudia: alianguka akiwa amekwisha kusimama. Na mtu yule ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akavua miwani. Akafungua sanduku, akairudisha permi kwa mwenyewe bila hotuba. Tangu mtihani uliofuata ile honi ya kilimani ikawa sehemu ya mtihani kwa kila mtu, na kumsimamia mzee au maiti hakukumwangusha mtahiniwa tena. Mnadhani Papa Freni alifurahi? Alimshika muuguzi mkono nje ya ofisi, mbele ya watu, akaanza: "Muguu! Nilikuambia muguu itafute fasi ya kukanyaga mbele ya freni ao nyuma ya freni?" Akampeleka uwanjani, akamsimamisha na kumsimamisha mpaka jua likazama.

Nimetafakari sana habari hii tangu tumzike. Siku hizi kuna watu wetu wanaoitundika permi ukutani pamoja na picha za kipaimara, na sina neno nao. Kitu kilichopatikana kwa jasho kina haki ya kuonekana. Lakini permi ni kauli ya serikali tu. Serikali inaweza kukuruhusu upite. Njia yenyewe unapewa na watu wanaoishi kando yake, na watu hao wanaweza kulaza magogo. Marehemu alilielewa jambo hilo kabla yetu sote, akalipigania pande mbili: aliwaambia wazee kwamba mashine haitaki mzaha, akamwambia mkubwa kwamba watu si vumbi. Matunda tunayala. Mamia ya watu wa msituni walichomwa sindano zao kwa sababu muuguzi alifika, na alifika kwa sababu kila kijiji kilimfungulia njia, na kilimfungulia kwa sababu alikuwa akisimama. Mama wangapi wa Itebero wapo hai leo, sijui. Najua kwamba wapo, na wengine walikuja kumzika mwalimu wa muuguzi wao, mtu ambaye hawakuwahi kumwona uso.

Siku ya mazishi wapanda pikipiki walizima mashine chini ya kilima na kuzisukuma mpaka kaburini. Hakuna aliyewaamuru. Kulikuwa na makatekista, wauguzi, mamoniteri, na yule wa maharage, sasa mwenye mvi, alikuja pamoja na baba mkwe wake ambaye bado yu hai na bado anamcheka. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Lakini kulia hakutoshi. Kabla udongo haujakauka nimesikia maneno ya ofisini: kwamba mwalimu akiwa hayupo, mafunzo nayo yafungwe, kwamba uwanja ule unafaa kuwa ghala, kwamba wapya wajibu maswali mezani, wapewe permi, wajifunze mengine njiani. Njiani! Kwa nani? Kwa maharage ya watu? Mkubwa wa sasa ni mgeni na hakukiona kilima kile, kwa hiyo wiki iliyopita tulikwenda kumsimulia: mimi, wazee wa baraza, makatekista, na binti wa yule mama aliyekuwa akimenya viazi. Tulisimama mbele ya ofisi yake mpaka akatoka. Alisema atafikiri. Vizuri, na afikiri. Kila siku ya soko atatukuta pale pale tumesimama, maana tulifundishwa kusimama na fundi. Na jibu la yule katekista wa kilimani limekwisha kupatikana bila kungoja ofisi. Muuguzi ameomba likizo yake yote, ametoka Itebero, na tangu Jumatatu yupo uwanjani. Nilipita jana. Watu wapya walikuwa wakisukumana kuelekea kwenye ufito, mashine zimezimwa, na yeye, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti, alikuwa akipiga kelele mpaka shingo imemtoka mishipa: "Freni iko mu mikono yako ao iko mu mbingu?"

Basi, msomaji wangu wa Masisi na wewe wa Walikale, tuulinde uwanja ule, na kila mwenye mwana au ndugu anayetaka permi ampeleke pale kabla hajampeleka ofisini. Na siku ukisikia pikipiki inakuja, kisha ikanyamaza mbele ya mlango wako, usibaki ndani ukijiuliza imeharibika nini. Toka nje. Kuna mtu ameacha safari yake kwa ajili yako, amezima makelele, ameshuka. Mpe mkono.